Ukivuta, Umevuta

Mkono wangu wa kulia uliwahi kunisaliti hewani, nikauwahi ukiwa umeshakwenda sentimita moja. Wakati huo daftari langu la urubani lilikuwa na saa 94, ambazo ni idadi mbaya kabisa ya saa: nyingi za kukutoa hofu, chache za kukupa akili. Ndege ilikuwa Cessna 150, viti viwili, injini ya Continental O-200 yenye nguvu za farasi 100 inapokuwa mpya, na hii haikuwa mpya. Nilikuwa peke yangu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku ikakatika alfajiri, na nyasi za kando ya njia ya kurukia zilikuwa bado zinachuruzika maji. Taarifa ya hali ya hewa ilisema joto nyuzi 17, kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake hugeuka matone, nyuzi 15. Nikaandika kwenye kikaratasi nilichofunga pajani, kama nilivyofundishwa, halafu sikukitazama tena. Kwangu mimi barafu ilikuwa habari ya watu wa theluji, wenye makoti mazito na mabawa yaliyogeuka meupe. Mimi nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi.

Ukaguzi wa injini kabla ya kuruka nilifanya wote. Mizunguko 1,700 kwa dakika, magneto ya kushoto (mtambo unaotoa cheche za kuwasha mafuta), magneto ya kulia, kisha nikavuta kishikio cha joto la kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Mizunguko ikashuka karibu 100, nikaridhika, nikakirudisha kishikio mahali pake. Siku zile hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote kwangu: unakivuta, mizunguko inashuka, unatia tiki, unaendelea na safari.

Dakika 25 hivi baadaye nilikuwa nimetulia futi 2,500, chini kidogo ya tabaka la mawingu, mizunguko 2,450. Hewa tulivu. Nakumbuka nilikuwa naimba.

Kwanza zilipotea futi 80. Nikatazama geji ya kimo, nikajiambia ni hewa inayoshuka, nikainua pua kidogo. Sasa, mabapa ya propela ya ndege ile hayabadiliki pembe. Ukiinua pua inabeba mzigo zaidi na mizunguko hupungua. Kwa hiyo nilipoona 2,380 nilikuwa na maelezo tayari mfukoni. Nikasukuma kishikio cha nguvu kidogo, ikarudi 2,450. Dakika mbili tatu baadaye, futi 60 nyingine hazipo. Pua juu kidogo, mizunguko chini kidogo, nikasukuma tena. Kimo kilitoa ushahidi kwa niaba ya mizunguko, mizunguko ikatoa ushahidi kwa niaba ya kimo, nami nikiwa hakimu niliyesinzia kitini. Nilisukuma mara tatu kwa jumla. Mkono ulikuwa unajua kwamba kishikio kimeingia ndani kuliko kawaida ya kimo kile. Haukunitumia habari.

Halafu injini ikaanza kumisi.

Gari likimisi unaliegesha pembeni na kufungua boneti. Huku juu kumisi kunaingia kwanza kwenye kiti, kisha kwenye kanyagio za usukani wa mkia, kisha tumboni. Geji ilisoma 2,200, na haikuwa imesimama hapo, ilikuwa inapita. Nikashusha pua nikashika mwendo wa noti 60 (kama kilomita 111 kwa saa), nikachagua shamba moja refu upande wa kushoto lililokuwa limevunwa, nikavuta kishikio cha joto la kabureta mpaka mwisho.

Mambo yakaharibika zaidi. Mizunguko ikaporomoka hadi 1,900. Injini ikatetemeka hivi kwamba dira ya juu ya dashibodi ikawa haisomeki, na sauti ikawa ya mtu anayetapika. Hapo ndipo mkono uliponisaliti. Hauna elimu, mkono. Unajua tu kwamba umegusa kitu na maumivu yameongezeka, basi ukiache. Ukaanza kukirudisha kishikio ndani.

Kilichouzuia ni sauti ya Mwalimu. Alikuwa mzee wa maneno machache, na katika somo la nne au la tano alikuwa na mchezo wake ambao sisi wanafunzi tuliucheka nyuma ya banda. Mkiwa hewani, injini nzima kabisa, anakuambia: "Kijana wangu, vuta joto." Unavuta. Anakushika kifundo cha mkono, anakwambia uhesabu kwa sauti hadi 60. Ukihoji, anajibu neno lilelile kila siku: "Ukivuta, umevuta." Hakuwahi kufafanua zaidi ya hapo, labda aliona kufafanua kungelipunguza uzito.

Nikahesabu. Kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu. Kwenye 20 na kitu injini ilibanja mara mbili kama imemeza jiwe. Kwenye 34 ikatulia kidogo. Nilipofika 41 geji ilikuwa imepanda kupita 2,300, na mtetemo ukaisha kama mtu aliyezima swichi. Nilikuwa futi 1,900. Lile shamba refu nililipita kwa juu, na mpaka leo nikipita njia ile nalisalimia.

Tuseme sasa kilichokuwa kinatokea, kwa sababu nilichukua wiki nzima kukielewa na sioni kwa nini mtu mwingine naye apoteze wiki.

Ilikuwa barafu, ndani ya kabureta. Kabureta ina koo. Hewa inayoingia hupita mahali pembamba, ikifika pale hukimbia kasi, shinikizo lake hupungua na yenyewe hupoa. Papo hapo petroli inapuliziwa ndani yake na kugeuka mvuke, na kimiminika kikigeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwa kila kilicho karibu. Mwili wako unalijua hili: kumbuka spiriti ambayo muuguzi anakupaka kabla ya sindano, jinsi ngozi inavyopata baridi ingawa chumba ni cha joto. Ukijumlisha mapoozo yote mawili, joto la koo la kabureta linaweza kushuka kwa nyuzi 30 na kitu. Toa 30 kwenye 17 uone unabaki na nini. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, katika kitabu chake cha marubani inasema barafu inaweza kujijenga hata hewa ya nje ikiwa nyuzi 38 na unyevu asilimia 50, ingawa uwezekano ni mkubwa zaidi chini ya nyuzi 21 na unyevu ukizidi asilimia 80. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisoma na kujibia mtihani. Nilipata alama zote.

Kuna hesabu moja niliyoifanya nyuma ya bahasha ambayo ilinifungua macho kuliko kitabu. Injini ile ikiwa safarini hunywa karibu lita 20 za petroli kwa saa, ambazo ni kama kilo 14 na nusu. Kila kilo ya petroli inahitaji karibu kilo 14 za hewa. Kwa hiyo kama kilo 200 za hewa hupita kwenye lile koo kila saa. Hewa ya asubuhi ile ilikuwa imebeba takriban gramu 10 za maji katika kila kilo. Hiyo ni lita 2 za maji kwa saa! Nilikuwa namimina chupa kubwa ya maji, taratibu, ndani ya tundu lililopoa kama friza, huku nikiimba. Sehemu kubwa ya maji hayo hupita bila kudhuru, lakini haihitajiki sehemu kubwa. Pale katikati ya koo kuna kilango, kile ambacho kishikio cha nguvu hukifungua na kukifunga, na utando wa barafu ukishika kwenye ukingo wake, njia ya hewa imepungua. Kwa injini, hiyo ni sawasawa na mtu aliyerudisha kishikio nyuma. Nguvu zinapungua polepole, kwa adabu. Ukisukuma kishikio, kilango kinafunguka zaidi na unajipatia nafasi mpya ambayo barafu itaijaza. Zile mara tatu nilizosukuma nilikuwa naifichia.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mimi nilikuwa nakagua mabawa.

Dawa yenyewe ni ya kizamani na ya akili. Bomba la moshi limevikwa koti la bati; kishikio cha joto kikivutwa, kilango kingine kinageuza njia, injini inaacha hewa baridi ya mbele na kuvuta hewa iliyopita ndani ya koti lile ikachemka. Hewa ya moto ni nyepesi, ndiyo maana mizunguko hushuka hata kabureta ikiwa safi. Nguvu zinazopotea zinaweza kufika asilimia 15. Sasa weka barafu. Hewa ilikuwa tayari imepungua, mafuta yamezidi, halafu unaiongezea hewa nyepesi, mafuta yanazidi tena. Juu ya hapo barafu inayeyuka na maji yake hayana pa kwenda ila ndani ya silinda. Injini inakunywa maji inakohoa. Kukohoa kule ndiko kupona, nako kunaweza kuchukua nusu dakika, kunaweza kuchukua dakika kadhaa, kutegemea umeiacha ikue kiasi gani. Mtu anayerudisha kishikio ndani katikati ya kikohozi ameifunga dawa na kuifungulia barafu mlango. Na ndivyo wanavyofanya wengi, kwa sababu wote tuna mikono.

Jambo la pili linatisha zaidi na halizungumzwi vya kutosha. Joto lile linatoka kwenye bomba la moshi, na bomba la moshi lina joto kwa sababu injini inafanya kazi. Injini ikizimika, au ukiiacha mwendo wa chini kwa muda mrefu, bomba linapoa haraka. Ukisubiri uhakika ndipo uvute, unaweza kuvuta kishikio ambacho hakina kitu upande wa pili. Ndiyo sababu kuteremka ukiwa umepunguza nguvu ni mahali pabaya mara mbili: kilango kimebaki na mwanya mwembamba ambao barafu kidogo tu inauziba, na jiko la kuiyeyusha limepoa. Mbaya zaidi, mizunguko ikiwa chini hivyo hutaona imeshuka. Utagundua siku unayosukuma kishikio cha nguvu karibu na ardhi na injini haiitiki.

Nilipotua nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Namkumbuka alivyoinama chini ya pua ya ndege, akafungua, akaingiza kidole, akanionyesha kidole kikavu.

"Fundi, nakuapia ilikuwepo."

"Naamini. Lakini ulichoniletea ni bomba zima na kabureta nzima. Barafu imekuwa maji, maji yamekuwa moshi, moshi umeuacha huko huko."

Akaandika kwenye daftari lake kwamba hakuona hitilafu. Sikumlaumu, hata mimi nisingejua aandike nini. Ni uhalifu ambao silaha yake huyeyuka. Ndege ikilazimika kutua shambani, wachunguzi wakifika wanakuta injini inayowaka vizuri, mafuta yapo, magneto zinafanya kazi, kisha wanabaki kutazama joto na umande vya saa ile na kukisia. Nilipoweka namba zangu, 17 na 15, kwenye ile chati ya barafu ya kabureta ambayo rubani yeyote anaweza kuibandika ukutani, zikaangukia pabaya hata kwa injini iliyo kwenye nguvu ya safari. Chati ile ilikuwa ukutani kwenye chumba chetu cha kupangia safari. Nilikuwa naegemea karibu nayo ninapokunywa chai.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenieleza kwa nini jirani yangu mwenye Cessna 172 hajawahi kukutana na kisa hiki kwa miaka mingi. Injini yake ni Lycoming, na kabureta ya Lycoming imefungwa kwenye bakuli la oili, inaota joto la oili kama paka aliyelala juu ya injini iliyozimwa sasa hivi. Kabureta ya O-200 imening'inia mbali kidogo, haipati fadhila hiyo. Hata hivyo jirani hana kinga, ana nafuu. Na wanaotumia petroli ya magari badala ya ile ya ndege wajue kwamba ni nyepesi kugeuka mvuke, kwa hiyo hupoza koo haraka zaidi.

Propela zinazojirekebisha pembe zina hila yake: mizunguko haishuki hata kidogo, kwa sababu propela inajilegeza ili kuishika palepale. Huko unatakiwa kutazama geji ya shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini. Helikopta ndogo ya Robinson R22 inakwenda mbali zaidi, ina mtambo wa kushika mizunguko ambao husukuma nguvu wenyewe bila kukuuliza, yaani hufanya kwa ustadi ule ujinga nilioufanya mimi kwa mkono. Walau yenyewe ina geji ya joto la kabureta. Yangu haikuwa nayo, na bila geji hiyo usijaribu kuvuta nusu. Kuna baridi kali ambayo maji tayari ni chembe kavu za barafu, zinapita bila kunata; ukizipasha nusu umezileta kwenye joto la kunata. Vuta yote au usivute.

Watu huniuliza kuhusu ndege kubwa. Hazina kabureta, kwa hiyo hazina ugonjwa huu. Zina binamu yake. Tarehe 17 Januari 2008 Boeing 777 iliyotoka Beijing ilikosa nguvu za injini zote mbili ikikaribia Heathrow, London, ikaangukia nyasi kabla ya njia, na hakuna aliyekufa. Barafu ilikuwa imejijenga ndani ya mabomba ya mafuta kwenye safari ndefu ya baridi, ikasombwa kwa pamoja na kuziba kipoza-oili ambamo mafuta hupita. Nao walipofika kutazama, haikuwepo.

Nilimpigia Mwalimu jioni ile. Nilimsimulia yote, hata kuimba. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Ulifika ngapi?"

"Arobaini na moja, Mwalimu."

"Sikuachii tena uishie hapo," akasema, akakata simu. Ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa anatania.

Siku hizi kile kikaratasi cha pajani kina mstari mmoja zaidi: natoa umande kwenye joto, na tofauti ikiwa ndogo nazungushia duara. Nikiona duara, kila dakika 10 navuta joto mpaka mwisho na kuliacha kwa sekunde 20 au 30, hata kama injini inaimba vizuri kuliko mimi. Kabla ya kupunguza nguvu ili niteremke, navuta kwanza ndipo napunguza, na njiani chini naisukuma injini kidogo mara kwa mara ili bomba lisipoe. Nikipaa tena baada ya kughairi kutua, nguvu kwanza, kisha kishikio cha joto narudisha ndani, kwa sababu hapo nahitaji farasi wote. Na ardhini, ninapokitia tiki kishikio kile, navuta na kusubiri, siku hizi sivuti na kurudisha kama mtu anayegonga mlango na kukimbia. Hewa ya joto haipiti kwenye chujio, kwa hiyo nachagua mahali pasipo na vumbi.

Juzi nilikuwa na abiria, binti wa rafiki yangu, mara yake ya kwanza hewani. Umande nyuzi 12, joto 15, duara. Dakika ya 20 hivi nikavuta, naye akasikia sauti ikibadilika akanitazama.

"Mjomba, imeharibika?"

"Tazama ile geji. Ilikuwa inasoma ngapi?"

"Elfu mbili mia nne na kumi."

"Na sasa?"

"Mia tatu na ishirini." Akasubiri, mkono wake umeshika ukingo wa kiti. Injini ikatikisika mara moja, kidogo sana, kitu ambacho ungeweza kudhani ni upepo. "Inapanda. Mia tatu na hamsini. Mia tatu na sitini." Ikasimama hapo.

Nikarudisha kishikio ndani. Geji ikaenda mpaka 2,450, mizunguko 40 zaidi ya tulikoanzia, na kishikio cha nguvu sikuwa nimekigusa.

"Hiyo arobaini imetoka wapi?" akauliza.